Mpira Uliokaliwa

Basi lilipokata kushoto pale Mikumi na kuiacha barabara ya Iringa, konda alirudi nyuma kukagua tiketi, akasimama kwangu. Macho yake hayakuwa kwenye tiketi.

"Mzee, hilo boga umelitoa wapi?"

Nikamwambia si boga, ni mpira. Akauchukua bila kuniomba, akauminya, akaugeuza huku na huku kama mtu anayechagua papai sokoni. "Basi huu umekaliwa," akasema kwa sauti ya kunipa pole. Abiria waliokuwa karibu wakacheka, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema labda mimi mwenyewe ndiye niliyeukalia tangu stendi ya Msamvu, Morogoro. Kuanzia hapo hadi Kidatu mpira ule ukatembea kiti kwa kiti. Kila aliyeushika alijaribu kuudundisha sakafuni, nao kila mara uliruka upande asioutarajia, ukaingia chini ya viti, ukatafutwa kati ya madumu na vikapu, ukarudishwa na maneno mapya.

Ulikuwa mpira wa ragbi, au raga kama wanavyosema wenzetu wa Kenya. Niliununua Nairobi Julai 2023, nikauweka juu ya kabati, na kila nilipompigia dada yangu simu mpwa wangu aliuliza umefikia wapi. Ana miaka 14, anaishi Kibaoni, Ifakara, na hajawahi kuona mechi hata moja ya mchezo huo. Alichojua ni kwamba mjomba wake alimwahidi mpira wenye ncha mbili. Ahadi kwa mtoto ni deni, na deni hili lilikuwa limelala karibu miaka miwili.

Njia hii ukiijua tangu zamani unaipita ukilinganisha. Miaka mingi tumekula vumbi lake wakati wa kiangazi na kusukuma magari masika. Ukivuka Ruaha Mkuu pale Kidatu, miwa inakupokea, ya kampuni na ya wakulima wadogo, mirefu hadi inaficha nyumba. Halafu mkono wa kulia milima ya Udzungwa inasimama wima, imevaa msitu tangu bondeni hadi kwenye mawingu, na upepo unabadilika harufu. Mang'ula basi lilisimama, ndizi zikapanda dirishani. Reli ya TAZARA inapita huku, ile ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na nilipokuwa mdogo tuliamini kwamba kila kitu kigeni hufika Kilombero kwa treni. Mpira wa raga haukuwahi kushuka pale stesheni.

Pembeni yangu alikuwa amekaa kijana wa chuo anayerudi likizo Mlimba. Ndiye aliyeuliza swali la maana: nani hasa anacheza huu mchezo huku kwetu? Nikamwambia timu ninayoifuata mimi ni ya Kenya, ya vijana walio chini ya miaka 20, inaitwa Chipu.

"Chipu kama chipsi?"

"Chipu kama chipukizi."

Nairobi hawana subira na maneno marefu, hukata mkia na kwenda zao. Timu ya wakubwa ya wachezaji 15 ni Simba, ya wachezaji saba ni Shujaa, na vijana ni Chipu. Nililipenda jina hilo kabla sijaupenda mchezo. Kwetu bondeni watu wanatofautisha vizuri mche na chipukizi. Mche unaukuza kitaluni, unaung'oa, unaupandikiza kwenye jaruba kwa mkono wako na kwa nafasi unayoitaka wewe. Chipukizi hatumwi na mtu. Unakata mti, unaondoka, unarudi baada ya mvua, unakuta kijani kimechomoza ubavuni mwa kisiki.

Na kisiki kilikuwepo, cha mpingo. Kwa miaka mingi, kijana yeyote wa Kenya aliyetaka kwenda mashindano ya dunia ya umri wake ilibidi ampite Namibia, na Namibia haipitiki kirahisi. Nchi ina watu wapatao milioni 3 tu, lakini wakubwa wao walicheza kila Kombe la Dunia la raga tangu 1999 hadi 2023. Hawakushinda mechi hata moja huko, hilo ni kweli. Lakini walikwenda, Kenya ikabaki nyumbani ikitazama.

Mara ya kwanza Nairobi kuwaona vijana wa dunia ilikuwa 2009, mashindano ya daraja la pili ya chini ya miaka 20 yalipochezwa pale Barabara ya Ngong. Romania ilimfunga Marekani kwenye fainali ikaondoka na kombe. Uwanja wenyewe una historia ndefu, na sehemu ya historia hiyo ni yetu: chama chake cha zamani kilikuwa cha Afrika Mashariki nzima, Kenya, Uganda na Tanganyika, tangu miaka ya 1950. Mwaka 1955 timu kubwa ya Waingereza na Waairishi, Lions, ilipita ikaifunga Afrika Mashariki 39 kwa 12. Ilirudi 1962, safari hiyo ikawa 50 kwa bila. Siwezi kujivunia wala kuyahuzunikia matokeo hayo. Mchezo ulikuwa wa klabu za walowezi na maofisa, na walipofunga mizigo yao Tanganyika waliondoka nao karibu wote. Kenya wakauacha kwenye shule. Hapo ndipo tulipoachana njia. Nairobi School, Lenana, Kakamega, hizo ndizo vitalu. Mtoto anaingia kidato cha kwanza hajui chochote, anakuta mpira wa mayai upo, kocha yupo, na kaka wa kidato cha nne yupo wa kumwangusha.

Aprili 2019 kisiki kikang'oka. Fainali ya Afrika, Kombe la Barthés, Nairobi: Kenya 21, Namibia 18. Pointi 3 ni mkwaju mmoja tu wa adhabu. Kocha alikuwa Paul Odera, ambaye baadaye alipewa timu ya wakubwa. Vijana wakapanda ndege Julai kwenda Brazil. Kombe lenyewe lilichukuliwa na Japan, ikimfunga Ureno 35 kwa 34, na Chipu wakarudi Nairobi bila medali. Mtu wa mpira wa miguu atasema wameshindwa. Mimi nilifurahi wiki nzima, ofisini wakaniona nimechanganyikiwa, Mtanzania anayeshangilia mchezo wasioujua hata majirani zake wa Tabata, Dar es Salaam.

Lakini hadithi ninayoirudia kila nikiizungumzia timu hii si ya 2019. Ni ya 2021, na ndiyo niliyomsimulia yule kijana wa Mlimba tukiwa tunaiacha milima nyuma na bonde linafunguka.

Kwanza elewa hesabu ya umri. Katika ngazi hii kinachoangaliwa ni mwaka wa kuzaliwa. Mwaka 2019 anacheza aliyezaliwa 1999 au baada yake. Mwaka 2021 anacheza wa 2001 na kuendelea. Kila Januari mosi mlango unafungwa kwa kundi zima, hata kama mtu yuko kwenye ubora wake wa juu kabisa. Hakuna rufaa. Sasa, 2021 Kenya wakalichukua tena Kombe la Barthés, hapohapo Nairobi, Madagascar wakiwa miongoni mwa waliowaacha nyuma. Mabingwa wa Afrika mara mbili mfululizo. Kombe lile ndilo tiketi ya dunia, na safari hii dunia haikuwepo. Korona ilikuwa imeyafuta mashindano ya 2020, na hayakufanyika tena hadi 2023. Waliozaliwa 2001 walifanya kila walichoambiwa wafanye, wakashinda, wakashika tiketi ya basi lisilokuja. Basi lilipokuja walikuwa na miaka 22.

"Kwa hiyo waliwapa nini?" kijana akauliza.

Nikamwambia walipewa medali zao, wakaenda vyuoni na kwenye klabu. Akanyamaza kidogo. Yeye mwenyewe, alinieleza baadaye, alikosa mwaka mzima wa masomo wakati uleule.

Mwaka 2023 mashindano yaliporudi, yalirudi Nairobi, uwanja wa Nyayo, timu 8. Kenya iliingia kama mwenyeji, kwa sababu ubingwa wa Afrika mwaka huo ulikuwa wa Zimbabwe, ambao nao walikuja. Wengine walikuwa Hispania, Uruguay, Marekani, Samoa, Uskoti na Hong Kong. Nilikaa jukwaani siku ya fainali nikiwa na wenyeji wachache waliovaa skafu zao ingawa Kenya haikuwemo tena, tukamtazama Hispania akimfunga Uruguay. Nikatazama karatasi ya wachezaji wa Kenya. Wa 2019 hakuna. Waliozaliwa 2001 nao walikuwa wamepita. Jina lilelile, jezi ileile, watu wengine kabisa. Timu ya wakubwa inaweza kulipa kisasi, ikabeba kumbukumbu ya kipigo miaka minane na kukirudisha. Chipu haina kumbukumbu hiyo. Kila mara inamkuta Namibia kwa mara ya kwanza. Nikitoka uwanjani ndipo niliponunua mpira.

Kibaoni tulifika jua linaelekea kuzama. Jina linajieleza, mahali pa kibao cha njia, na nchi hii ina Kibaoni nyingi kama ilivyo na njia panda nyingi. Hii ya Ifakara imejaa baiskeli. Ardhi ni tambarare, kwa hiyo kila kitu hupanda baiskeli: magunia ya mpunga, kreti za soda, mabati, mgonjwa na anayemsindikiza. Bajaji zimekuja, bodaboda zimekuja, baiskeli hazijaondoka. Nilishuka na kiroba changu, na mpira ambao sasa ulikuwa umelegea kweli, kwa sababu mtoto mmoja wa kiti cha nyuma aliuchokonoa na kijiti kwenye tundu la upepo.

Mpwa wangu alikuwa ananisubiri kwa mama muuza samaki. "Shikamoo mjomba," mkono kichwani, macho kwenye mpira. Hakucheka. Aliushika kwa mikono miwili akauweka kifuani, moja kwa moja, jinsi wanavyoushika wachezaji. Sikuwa nimemfundisha. Umbo lenyewe ndilo lililomwonyesha.

"Mbona laini?"

"Umesafiri."

Tukaupeleka kwa fundi baiskeli chini ya mwembe. Fundi aliutazama bila mshangao wowote, nadhani mafundi wa Ifakara wameona kila kitu kinachobeba upepo. Akatafuta sindano ya kujazia mpira ndani ya kopo la misumari na spoku, akailamba, akaichomeka, akapampu. Mpira ukajaa, ukakaza ncha zake. "Huu hauna dosari," akatoa hukumu. "Umeumbwa hivi." Hakutaka hela.

Usiku tulikula wali na perege wa kukaanga. Nitasema kitu kimoja kuhusu mchele wa huku halafu niendelee: ukipikwa nyumba ya tatu unajua. Shemeji yangu ni mtu wa mpira wa miguu, na ana daftari kichwani. Nilipomaliza kusimulia habari za Chipu alikohoa.

"Shemeji, unakwenda mbali. Sisi wenyewe umri umetutenda." Akaanza. Mwaka 2005 Serengeti Boys, chini ya miaka 17, walifuzu kwenda Gambia kwenye fainali za Afrika, tiketi ikachukuliwa kwa sababu ya mchezaji aliyeonekana kuzidi umri. Miaka 12 ikapita. Safari ya Gabon 2017 wakatolewa uwanjani na Congo Brazzaville, nasi tukalalamika juu ya umri wa mchezaji wao; akaitwa kwenye kipimo, hakutokea, Congo wakaondolewa, vijana wetu wakaenda. "Sheria ileile," shemeji akasema, "mkono huu ilitunyang'anya, mkono huu ikatupa." Huko Gabon wakatoka sare na Mali, wakamfunga Angola 2 kwa 1, wakafungwa na Niger bao moja. Mwaka 2019 tukawa wenyeji Dar es Salaam, tukafungwa zote tatu: Nigeria 5 kwa 4, Uganda 3 kwa bila, Angola 4 kwa 2.

"Na wasichana?" dada yangu akauliza kutoka mlangoni, ana sinia mkononi.

Shemeji alikuwa amewasahau, au alijifanya. Dada akamaliza mwenyewe. India 2022, Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17. Japan wakawafunga 4. Watu wakazima redio. Halafu wakamfunga Ufaransa 2 kwa 1, wakatoka sare na Canada, wakaingia robo fainali, Colombia ndio wakawatoa. "Hakuna timu ya wanaume ya nchi hii iliyofika hapo," akasema, akaondoka na sinia. Hakuna aliyekuwa na la kujibu, na mimi nadhani rekodi ile bado haijapewa uzito wake, kwa sababu ilifanywa na watoto wa kike na ikafanywa mbali.

Asubuhi, mimi, mpwa wangu na wenzake kama kumi hivi tulikwenda kwenye kiwanja kilicho wazi nyuma ya nyumba, nusu majani nusu udongo mweusi uliopasuka. Nikawaeleza kanuni moja tu, ile inayowachanganya watu wote: kwa mikono unatupa mpira nyuma, miguu yako inakwenda mbele.

Kimya.

"Mjomba, sasa goli liko wapi?"

"Mbele."

"Na pasi?"

"Nyuma."

Walicheka hadi mmoja akakaa chini. Kisha wakajaribu, na nikaona jambo ambalo nimelifikiria tangu siku ile. Kwa dakika kumi za kwanza ilikuwa vurugu, kila mtu anautupa mbele kwa hasira. Halafu kijana mmoja mwembamba, mwana wa wafugaji, miguu mirefu kama ya korongo, alielewa. Alikimbia na mpira hadi alipobanwa, akageuza kiuno, akaurusha nyuma yake bila kutazama, na aliyeufuata aliukuta hewani. Wakapiga kelele wote kwa pamoja. Nimeona raga ya shule Nairobi, nimeona watoto wa vidato wakifundishwa pasi ile kwa mihula miwili.

Huku Ifakara wataalamu wamewachunguza mbu kwa miaka mingi: wanauma saa ngapi, wanapumzika wapi, wanaruka umbali gani. Ni kazi kubwa, na imewaokoa watu wengi duniani. Mara mojamoja hunijia wazo la kipuuzi kwamba mbu wa bonde hili anajulikana mbio zake kuliko kijana anayempiga kofi. Yule mwana wa wafugaji hana kocha, na kama angekuwa naye, hakuna timu ya shule pale mtaani ya kumpeleka. Simlaumu mtu. Shule zinahangaika na madawati. Lakini nikisikia watu wakiuliza kwa nini Kenya ina Chipu na sisi hatuna, nafikiria jinsi kiuno kile kilivyogeuka, na kwamba kilichokosekana hapa ni mpira mmoja, ulioletwa na basi, na uliokaa miaka miwili juu ya kabati la mtu mvivu.

Mpwa wangu aliketi pembeni akachukua kijiti. Akaandika mavumbini 2011, mwaka aliozaliwa, akaongeza 20.

"2031," akasema. "Mlango wangu unafungwa 2031."

"Mwishoni mwa 2031, ndiyo."

"Bado ipo." Akafikiri. "Na wewe mwaka huo utakuwa na miaka mingapi, mjomba?"

Nikamwambia mama yake anamwita. Bahati nzuri ilikuwa kweli. Mwisho wa Mei mpunga wa mwisho unakuwa na maziwa, kwelea kwelea wanashuka kwa mamia, na watoto hupelekwa kuamia ndege asubuhi na jioni. Wakaondoka wote, baiskeli moja watu watatu, mpira umefungwa kwa mpira wa tairi kwenye kiti cha nyuma. Niliwafuata kwa miguu, polepole, kwenye kingo za majaruba, maji bado yakiwa kwenye mifereji tangu masika.

Nilipofika walikuwa wameshagawana. Wawili juu ya dungu wakipiga debe, wengine wametawanyika kwenye kingo, mmoja kila kona. Wingu la ndege likainuka upande wa mto, likajipinda, likarudi kushuka kwenye jaruba la katikati. Mwana wa wafugaji alipiga mluzi. Mpira ukaondoka dunguni, ukazunguka hewani, ukatua mikononi mwa mpwa wangu aliyekuwa anakimbia ukingoni. Akaurusha nyuma, wa nyuma akaurusha nyuma zaidi, wote wakikimbia mbele na kupiga mayowe, na ndege wakaruka wakahamia shamba la jirani.

Jirani naye akatoka kwenye kibanda chake, akaweka mikono kiunoni, akauliza hilo boga ni la nani.